Forester ya tabo inagonga Kitonga kisha inaishiwa nguvu: kabla hujanunua injini nyingine

Swali nimelifupisha: "Mkuu habari. Nina Forester SG5 ya tabo ya 2004, injini EJ205, otomatiki. Mwezi uliopita nilienda Iringa na familia, kupanda mlima wa Kitonga kila nikikanyaga kulipita lori nasikia kelele kama kokoto kwenye kopo, baada ya pale gari ikawa nzito mpaka Iringa na mpaka nimerudi Dar. Taa ya cheki injini haijawaka. Fundi wa kwanza kasema injini imenoki nitafute nyingine. Wa pili kachomoa betri kama nusu saa, gari ikawa nzuri siku mbili tatu halafu ikarudi kulekule, sasa anataka kuvuta taimingi. Nifanyeje?"

Kaka, kwanza hela yako ibaki mfukoni. Kwenye maelezo yako yote kilichonisaidia zaidi ni hiyo habari ya betri, hata kuliko hiyo kelele. Beringi ya konrodi (ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki) ikishaliwa imeliwa, hauchomoi betri nusu saa ikapona siku mbili. Kinachoendesha injini halafu kinasahau ukikinyima umeme ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwa hiyo kuna kitu kontroli boksi imejifunza, ulivyochomoa betri ikasahau, halafu ikajifunza upya kitu kilekile. Na kwa Subaru ya tabo iliyotoka kugonga mlimani mimi naweza kuweka dau kwamba imejifunza kurudisha moto nyuma, yaani kuchelewesha cheche za plagi.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu ya gereji. Tukisema "injini imenoki" watu wengi wanamaanisha imekufa, beringi zimegonga, shusha pandisha nyingine. Lakini kuna noki nyingine kabisa ambayo ni ya moto: plagi inarusha cheche, moto unaanza kusambaa vizuri kutoka katikati, sasa yale mafuta na hewa iliyobaki pembeni, ambayo moto haujaifikia, inabanwa na kupashwa joto mpaka inashindwa kuvumilia inalipuka yenyewe kwa mpigo. Ule mpigo ndo unagonga chumba cha silinda na wewe unasikia kokoto. Chuma hakijagusana na chuma popote. Kwa pistoni yako ya milimita 92 ule mlio unakuwa kwenye hezi kama 6,000 hivi, ndo maana unasikika mkali na mwembamba, wakati beringi inatoa sauti nzito ya chini, du du du, kama mtu anapiga mlango kwa ngumi.

Kutofautisha hakuhitaji mashine. Gari ikiwa ya moto imesimama, gia kwenye P, ipandishe taratibu mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, kaa hapo, halafu achia. Beringi mbovu itasikika hapohapo, hasa wakati unaachia. Noki ya moto hapo hutaisikia kabisa kwa sababu haina mzigo, yenyewe inataka gari inavuta, ina joto, tabo imejaa. Wewe umesema inalia ukikanyaga kulipita lori tu. Angalia na kitu kingine ambacho kimewatia watu wengi hasara kwenye Subaru, zile bati za kukinga joto zilizofungwa juu ya eksozi, zikila kutu boliti zinalegea zinaanza kutetemeka kwenye 2,000 mpaka 3,000, mlio wake ni wa chuma chembamba na ukiwa ndani ya gari unaweza kuapa injini inakufa. Gari ikiwa ya baridi lala chini uzigonge kwa ngumi uone zipi zinacheza.

Sasa kwa nini nguvu iliisha na haikurudi. Cheche hairushwi pistoni ikiwa imefika juu kabisa, inarushwa kabla, kwa sababu moto unahitaji muda kusambaa, na tunataka presha kubwa ije pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, nyuzi kama 15 hivi baada ya juu. Injini ikiwa 3,000 krenki inazunguka nyuzi 18 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo hata nyuzi nne tano sio kitu kidogo. Chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, juu ya injini, kuna sensa ya noki imefungwa kwenye bloku kwa boliti moja, ni sikio tu. Ikisikia ule mlio inaambia kontroli boksi, kontroli boksi inachelewesha cheche, presha inashuka, kugonga kunaacha. Hapo gari imeokoa pistoni zako. Subaru yenyewe haiishii hapo, ina kumbukumbu ya ngazi mbili. Kuna ile ya kuandika kwamba kwenye mzunguko huu na mzigo huu huwa inagonga, nipunguze nyuzi mbili hapa. Na kuna namba moja kubwa inayotawala taimingi yote (muda wa kurusha cheche), wazungu wanaiita IAM, kwenye kontroli boksi za zamani inaenda 0 mpaka 16 na kwenye za baadaye 0 mpaka 1. Ikiwa imejaa, kontroli boksi inaiamini injini na mafuta, inatoa taimingi yote. Ikisikia noki nyingi inaishusha, na ikishashuka gari nzima inakuwa nzito kila mahali, tambarare, mjini, popote, na kupanda tena inapanda kidogokidogo. Ukichomoa betri inarudi kwenye namba ya kuanzia, mara nyingi katikati, kama ilikuwa imeanguka chini ya hapo utahisi gari imefufuka. Siku mbili tatu inapanda, inasikia noki tena, inashuka. Hiyo ndo hadithi yako yote.

Na ndo maana taa haijawaka. Kurudisha moto nyuma ni kazi yake ya kila siku, taa inawaka sensa yenyewe ikikatika au ikitoa umeme wa ajabu, kodi zake za hitilafu ni P0327 na P0328.

Kitonga sasa. Intakula ya Forester, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, imelazwa juu ya injini, inapoozwa na upepo unaoingia kwenye kile kitundu cha boneti. Wewe umetoka Ruaha Mbuyuni na lile joto, gari imejaa watu na mizigo, umekaa nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, upepo wa kuingia kwenye boneti hamna, joto lote la tabo na injini linapanda linaipika ile intakula kutoka chini. Dakika kumi hivyo. Halafu unaona nafasi, unakanyaga mpaka chini, otomatiki inachelewa kushuka gia, tabo inajaa kwenye 2,500 na hewa inayoingia inatoka kwenye intakula ambayo ukiigusa mkono unaungua. Hata Forester nzima kabisa hapo inakuwa kwenye kingo, ila nzima ingetakiwa kugonga kidogo, ijisahihishe, ipoe, iendelee. Yako imeangusha taimingi yote na haijainuka mpaka Dar, kwa hiyo Kitonga ilifichua tu kitu ambacho kilikuwepo.

Mtuhumiwa namba moja ni mafuta. Hiyo gari ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, fungua kifuniko cha tangi uangalie kibandiko, tabo zao zinataka ile petroli wanayoiita haioku. Kiwango cha Japani kinaitaka haioku isipungue oktani 96 na ya sheli za kule kwa kawaida ni 100. Ya kwetu ya kawaida haifiki huko. Oktani ndo uvumilivu wa petroli kabla haijajilipukia, kwa hiyo hata ukiweka petroli safi ya hapa kontroli boksi ya Kijapani inaanza safari ikiwa imepungukiwa. Hilo inaweza kulimudu. Isichoweza ni mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, kiasi kidogo tu kwenye tangi kinaharibu kila kitu, na hii biashara tunaijua, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 sababu ya watu kuchanganya mafuta ya taa. Ulijaza wapi ile safari? Kama ni njiani kwenye sheli ambayo haina foleni au uliongezea ya kidumu, anza hapo. Usimwage mafuta, endesha taratibu mpaka taa ya mafuta iwake, jaza tangi kwenye sheli yenye magari mengi, wakiwa na ile ya oktani ya juu chukua hiyo, halafu ndo uchomoe betri. Zile chupa za dawa za kuongeza oktani zinazouzwa dukani mi sizipingi ila nyingi zinaongeza kidogo kuliko maandishi yake.

Wakati huohuo tafuta mtu mwenye laptopu. Hapa mafundi wengi watakuletea kale kakifaa kadogo ka bluutuuthi ka kuchomeka, ELM327, na kwenye Forester nyingi za Japani za miaka hiyo kanagoma kuunganika, au kanaunganika hakakuonyeshi cha maana, halafu fundi anakwambia kontroli boksi imekufa. Haijakufa, inaongea lugha ya Subaru yenyewe. Unachohitaji ni ule waya wa VAG KKL 409.1 ambao ni wa bei ya chini, na programu ya FreeSSM au RomRaider, zote ni za bure. Ukishaingia angalia ile namba kubwa, IAM, kama ni 16 kati ya 16 (au 1 kwenye za baadaye) basi nimekosea na tatizo lako liko kwingine kabisa. Kama iko 6 au 4, umepata jibu. Halafu rekodi: mzunguko, mzigo, taimingi, sahihisho la noki, joto la hewa, busti (presha ya tabo). Barabara tupu, gia ya 2, kutoka 2,500 mpaka 4,500, usikanyage mpaka chini kama bado inagonga kwa sauti, utavunja kingo za ringi za pistoni na hizo injini za EJ zina sifa mbaya kwenye hilo. Ukiona sahihisho la nyuzi minus 1 mara moja moja sio kesi. Minus 4, minus 6, kila ukipita mzunguko uleule, hiyo ni noki ya kweli na inajirudia. Ikiwa inaruka ovyo, mara ipo mara haipo, hata ukiwa unatereza bila mzigo, hapo anza kushuku sikio lenyewe.

Na hapa niungame. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa na Impreza ikawa inashusha taimingi kwenye 3,200 kila siku, nikanunua sensa ya noki ya bei ndogo, nikabadilisha, ileile. Nikasema sensa feki, nikanunua nyingine, ileile. Wiki tatu. Kumbe kuna kipande cha bati la kushikilia bomba la tabo lilikuwa limepasuka, kwenye 3,200 linagusa bloku linalia, sensa inasikia inasema noki. Nililiona siku nimeweka mkono tu pale gari ikiwa ya baridi nikakuta linacheza. Kwa hiyo kabla ya kununua sensa pitia kila kitu kinachoweza kugusana na injini: maunti za injini zilizokatika, eksozi iliyobadilishwa inayogusa bodi, puli ya krenki iliyolegea. Ukifika kwenye sensa yenyewe toa intakula uiangalie, zile za zamani plastiki yake inapasuka, na pale inapokaa kwenye bloku pawe chuma safi kisicho na kutu wala mafuta, usiweke washa, ifungwe kwa tok renchi newtoni mita kama 24. Ikibanwa sana inakuwa kiziwi, ikilegea inasikia vitu ambavyo havipo.

Mafuta yakiwa safi na noki ni ya kweli, fuata plagi. Kuzitoa kwenye hiyo injini ni mateso, betri inatoka, boksi ya hewa inatoka, ngozi ya vidole inatoka, ndo maana mafundi wengi wanakwambia "plagi nzuri tu" bila kuzigusa. Hakikisha zinatolewa. Sitaki tu rangi, chukua kioo cha kukuzia au simu uvute picha, angalia ile kauri nyeupe. Ukiona vidoadoa vyeusi kama pilipili manga, ni noki. Ukiona vipunje vinang'aa kama risasi ya kuchomelea, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako imeanza kuyeyuka, gari isiende hata sokoni. Andika ipi imetoka silinda gani, namba 4, nyuma kushoto, huwa ndo inateseka zaidi. Na usirudishe plagi za moto (zinazobaki na joto zaidi) kuliko zinazotakiwa kwa sababu tu zimeingia kwenye tundu, feki zimejaa mjini, pengo lisizidi milimita 0.8.

Hewa: hapa watu wanachanganya. Uvujaji kati ya sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia) na tabo, yaani ule mpira mweusi wa kuvutia chini ya intakula, unaingiza hewa isiyohesabiwa, mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, unagonga. Ule mpira unapasuka kwa chini ambako huoni mpaka uutoe. Uvujaji baada ya tabo, kwa mfano ile plastiki yenye matawi mawili inayotoka kwenye tabo kuingia intakula, unatoa hewa nje, gari inatoa moshi mweusi na tabo inafanya kazi ya ziada kupasha hewa. Yote ni mabaya ila moshi mweusi unakuelekeza kwenye uvujaji wa baada ya tabo. Sensa ya hewa isafishe kwa spirei yake, usitumie ya breki. Ukikuta mwenye gari wa kwanza kule Japani aliweka filta ya koni iliyolowekwa oili, basi nusu ya mashaka yangu yanahamia hapo, na angalia kabisa kama hamna kifaa cha kuongeza busti kimefichwa chini ya dashibodi, au kijiti kwenye hozi ya westigeti (mlango unaozuia presha ya tabo isizidi). Ya kiwandani haitakiwi kuzidi bar 1.

Presha ya petroli ipimwe kwa geji, sio kwa kusikiliza pampu inalia. Ukichomoa ule mpira mdogo wa regyuleta ya presha ya petroli injini ikiwa sailensi (haijakanyagwa) inatakiwa kama bar 3, na ukikanyaga isishuke. Pampu ya miaka 20 ambayo imekunywa mafuta ya kuchakachua inaweza kutosha mjini na isitoshe mlimani. Kisha ndani ya mabomba ya intakula pitisha kitambaa, ukikuta oili inachuruzika ujue tabo au mfumo wa hewa ya injini unarudisha oili ndani, na ukungu wa oili unashusha oktani kama mafuta ya taa tu.

Huyo fundi wa pili anayetaka kuvuta taimingi, muulize atavuta wapi. EJ205 haina distribyuta, kila plagi ina koili yake, hamna cha kuzungusha. Labda anamaanisha mkanda wa taimingi, na hiyo ni taimingi nyingine, ya vali. Mkanda ukiruka jino moja gari inakuwa nzito kweli, ila inakuwa nzito muda wote na betri haiisaidii. Kama hujui mkanda umebadilishwa lini fungua vifuniko uangalie alama, hilo halijawahi kumdhuru mtu, mkanda ni wa kilomita 100,000.

Mpaka umalize haya yote endesha hivi: mlimani weka gia ya 2 mapema, mzunguko ukae juu ya 3,000 na mguu uwe mwepesi, mzunguko mdogo na mguu mzito ndo unaua. Nyuma ya lori acha nafasi, na kabla ya kulipita ipe gari hewa kidogo. Usirudi Kitonga na tangi hilohilo.

Injini nyingine inunuliwe lini? Pima kompresheni silinda zote nne, gari ya moto, sindilia kanyagio mpaka chini wakati wa kupiga stata. Mi siangalii sana namba, naangalia kama moja imeziacha wenzake. Ikiwepo moja ya chini usikubali ile ya kumwagia oili kidogo kwenye silinda, hii injini imelala, oili inakaa upande mmoja inadanganya. Ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na vali zimefungwa, halafu fungua kifuniko cha oili uweke sikio. Upepo ukitokea hapo kwa kasi ringi au kingo ya pistoni imeondoka, hapo fundi wa kwanza atakuwa amepatia kwa sababu tofauti na aliyoisema, na hiyo injini mpya nayo itaenda njia hiyohiyo usipojua kwanza nini kiliifanya hii igonge.